Nyumba Njema si Mlango, Lakini Mlango Nao Una Fundi

Wahenga wetu walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huu nimeusikia tangu nikiwa chuoni, ubao mapajani na wino vidoleni, na sikupata kuutilia shaka hata siku moja. Lakini majuzi nilikwenda Garissa kumjulia hali binti yangu aliyeolewa huko, nikakaa siku tisa, na katika siku hizo tisa sikushuhudia jambo jingine kubwa ila kutengenezwa kwa mlango. Nimerudi Mombasa na nasema hivi: ni kweli nyumba njema si mlango, lakini mlango nao una fundi wake, na fundi huyo ana heshima yake. Ndiyo habari niliyowaletea leo, wasomaji wapenzi.

Njia niliyoshika ni ile ya Malindi, Garsen na Hola, mto Tana ukituandama kama mwenyeji asindikizaye mgeni. Ukifika Madogo unavuka daraja, na ng'ambo ya pili ndiyo Garissa, mji uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi mikoa ilipobadilishwa kuwa kaunti mwaka wa 2013. Jua la huko halina mzaha, na mvua ni ya kubahatisha. Mkwe wangu alinipokea kituoni, tukapita mtaa hadi mtaa, ambayo wao huiita bula, na macho yangu yakawa hayabanduki kwenye malango. Nyumba nyingi zimezungushiwa ua, na kila ua una geti la chuma. Moja limepakwa buluu na kubandikwa nyota, la pili ni la kijani na almasi za manjano, la tatu lina miali ya jua iliyotandazwa kama mkeka.

Mimi mtu wa pwani nikajiona najua zaidi. Sisi tulizaliwa katika milango. Mtu wa Lamu hahitaji kufundishwa mlango ni nini. Anajua miimo na kizingiti, anaujua mfaa ule unaosimama katikati kuzishika mbao mbili, anajua komeo na pete, na nakshi ambayo fundi huichonga kwa patasi hata mbao ikawa kama kitambaa cha tarizi. Mji huo wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka wa 2001, na milango yake ni miongoni mwa mambo yanayowavuta wageni. Basi nikamwambia mkwe wangu kwa dhihaka, "Haya ya kwenu ni mabati, mwanangu. Milango iko kwetu."

Akacheka, akasema, "Baba, wewe umefika wakati mzuri. Kesho tunaanza letu."

Yafaa tukumbuke kwamba wenyeji wa nchi ile hawakuwa watu wa mlango kabisa. Mfugaji wa Kisomali nyumba yake ilikuwa aqal: fito zilizopindwa upinde, juu yake mikeka, na mlango wake ni mkeka mmoja wa kuinua. Nyumba hiyo ilijengwa na mwanamke, ikabomolewa na mwanamke, ikapakiwa juu ya ngamia kufuata malisho. Mwizi wa ng'ombe hakuzuiwa kwa kitasa, alizuiwa kwa macho ya vijana waliokesha. Watu walipotulia mjini ndipo ua ukahitajika, na ua ukahitaji lango. Na wako wazee wasiosahau Novemba ya 1980, pale mtaa wa Bula Karatasi ulipoteketezwa na vikosi vya usalama baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini. Habari hizo zimeandikwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka wa 2013. Mtu aliyeona nyumba ikiwaka usiku simlaumu akitaka ua wa mawe na geti la chuma, ijapokuwa anajua vyema kwamba si kila balaa huzuiwa na chuma.

Mkwe wangu ni mwalimu, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Aliuliza bei ya geti lililokwisha tengenezwa, akaona limemshinda. Basi akaamua kununua vyuma mwenyewe, kukodi mashine ya kuchomelea, na kumwita fundi aje kulifanya kazi nyumbani, yeye mwenyewe awe msaidizi wake. Fundi akaja asubuhi ya pili: mtu wa makamo, mwembamba, ndevu zimeingia mvi, maneno yake machache. Kabla ya kushika chochote alipima nafasi baina ya nguzo mbili mara tatu: chini, katikati na juu. Mimi nikadhani anapoteza wakati. Akaniambia, "Adeer, nguzo hazisimami sawa. Ukipima chini tu, geti litaingia chini na kukwama juu." Na kweli, vipimo vitatu vilitofautiana.

Sasa hesabu yake, msomaji, nataka uione, maana ilinistaajabisha mimi niliyefunzwa hesabu za mirathi. Lango lilikuwa la mbao mbili, kila mmoja upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 2.1. Bomba la mraba huuzwa kwa urefu wa mita 6. Fundi akasema: mabomba mawili yatatoa vipande sita vya mita 1.8, na mawili mengine yatatoa vipande vinne vya mita 2.1. Fremu mbili zimetimia, kila moja na mtambuko wake wa katikati. Bomba la tano ni la mlango mdogo, ambao binti yangu aliushikilia sana. "Sitaki kufungua geti zima kila mtoto akitumwa dukani," alisema, "na sitaki kila apitaye aone ua wangu." Hiyo ndiyo sitara, na maneno yake yalikuwa ya haki.

Shiti la chuma nalo huja kwa futi 8 na futi 4. Mashiti matatu yakatosha. Moja kwa kila ubao, na la tatu likapasuliwa katikati kwa urefu, nusu huku na nusu huku, kuziba upana uliobaki. Juu vikabaki vipande vya kama sentimita 34, ambavyo mimi ningevitupa. Fundi akaviweka kando chini ya mwarobaini, akasema hivyo ndivyo vitakavyokuwa nyota. Hakuna kilichopotea. Fundi cherehani wetu wa Mombasa akipewa kitambaa cha kanzu hufanya hesabu hiyohiyo.

Kazi ya kuunga ilianza baada ya vyuma kukatwa na kusuguliwa ncha zake. Fremu ililazwa juu ya mawe yaliyosawazishwa kwa pima maji, kisha fundi akapima kutoka pembe hii hadi pembe ile kwa mshazari, na akapima mshazari wa pili. Zote mbili zikawa mita 2 na sentimita 76 na ushei. "Mishazari ikilingana, pembe zimenyooka," alisema. "Isipolingana, hata ukilipaka dhahabu litakwenda upande." Hapo akashikiza kila pembe kwa tone moja tu la chuma kilichoyeyuka. Hakuchomelea pembe moja akaimaliza, la. Alitia kidogo hapa, akaruka pembe ya mkabala, akarudi. Nilipomuuliza sababu, akanieleza kwamba chuma kikipata moto hutanuka na kikipoa hujivuta, na ukikichoma upande mmoja tu kitajikunja kama jani lililokauka. Wala hakukubali mkwe wangu alipotaka kumwagia maji kiungo ili kipoe upesi. Alisema kiungo kilichopozwa kwa pupa huwa kigumu na kuvunjika. Haraka haraka haina baraka, hata katika chuma.

Alitumia vijiti vya milimita 2.5, na moto wa mashine akauweka kwenye ampea kama 75. Bomba lenyewe lilikuwa na unene wa milimita 2, na moto mkali kuliko huo ungelitoboa. Kila alipomaliza mstari aligonga magamba kwa nyundo ndogo hadi chuma kikang'aa, akatazama kama kuna tundu. Kipande kimoja kilikuwa cha chuma kilichopakwa zinki. Alikisugua zinki yote kwanza, tena akasimama upande unakotoka upepo, akasema moshi wa zinki humletea mtu homa na kutetemeka usiku kana kwamba ana malaria.

Hapa sina budi kukiri ujinga wangu. Fundi alinionya mara mbili nisiutazame ule mwako bila kioo cheusi. Nami kwa kiburi cha uzee nikawa nachungulia pembeni mwa viganja vyangu, nikiona ni mwangaza tu kama mwangaza mwingine. Mchana sikuhisi kitu. Usiku, baada ya Isha, macho yakaanza kuwasha, kisha yakawa kama yaliyomwagiwa mchanga wa pwani nzima. Machozi yakitiririka, taa siwezi kuitazama. Jirani mmoja akashauri nitiwe maziwa ya ngamia. Binti yangu alikuwa keshashika kikombe, ndipo fundi aliyepigiwa simu akasema msimtie chochote, mwekeni kitambaa baridi juu ya kope, asubuhi mpelekeni kwa daktari. Asubuhi daktari akasema yaleyale, akanipa dawa ya matone, na siku ya pili nikapona. Mwako ule una miali isiyoonekana, nayo huunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, na maumivu huja baada ya saa kadhaa. Wenye watoto nyumbani wawaweke mbali siku ya kuchomelea, maana mtoto haambiliki, na mimi mtu mzima sikuambilika.

Kwa sababu ya macho hayo siku ile ya pili nililazwa mkekani chini ya mwarobaini, kitambaa usoni, na ndipo nilipolisikia jambo ambalo kwa macho nisingeliona. Wakati wa chakula sinia lilitandazwa barazani, mkwe wangu na wageni wake wakaketi. Fundi akaja kuketi karibu yangu chini ya mti, na sahani yake peke yake. Nikamwita binti yangu, nikamuuliza mbona fundi hali na wenzake. Akanyamaza kwanza. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, yeye ni Mtumal."

Msomaji asiyejua, Watumal ni watu ambao miongoni mwa Wasomali walikuwa wahunzi tangu zamani. Wao ndio waliofua mikuki, visu na mashoka, na wenye koo kubwa waliwatumia lakini hawakuwaoza binti zao wala kuoa kwao. Mwenye ngamia mia alikwenda vitani kwa mkuki wa Mtumal, akarudi salama, na bado akamwona aliyemtengenezea kuwa duni. Sasa mambo yamepungua, hasa mijini, na kazi ya kuchomelea hufanywa na kila kabila na kila ukoo. Lakini kupungua si kwisha. Hapakuwa na mtu aliyemfukuza fundi pale barazani. Alijitenga mwenyewe, kwa kuwa alikwisha kufunzwa mahali pake tangu utotoni, na hakuna aliyemwambia njoo.

Nikalala pale macho yamefumbwa, nikakumbuka darsa za marehemu mwalimu wangu. Katika Kurani imo sura nzima yenye jina la chuma, sura ya 57, Al-Hadid. Na Nabii Daudi, mfalme na mwenye Zaburi, Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akafundishwa kufuma deraya za kuwakinga watu vitani. Kama kazi ya chuma ni aibu, basi aibu hiyo ameivaa Nabii. Nani miongoni mwetu aliye bora kuliko Nabii Daudi hata aone haya kula na mhunzi?

Wala tusiwanyooshee kidole watu wa Garissa pekee. Sisi wa pwani tuna mithali isemayo mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na twaitumia kwa kusifu kurithi kazi. Lakini akija mwana huyo wa mhunzi kuposa, tunaulizana ukoo wake ni upi na babu yake alitokea wapi. Wanaojenga nyumba zetu, wanaochimba vyoo vyetu, wanaotukatia mawe kwa shoka, wangapi tunawapa chai katika kikombe kilekile tunachonywea sisi? Kila mmoja aitazame kabati yake.

Basi siku ya tatu, macho yamefunguka, chakula kilipoandaliwa mimi nikachukua mkeka wangu nikauhamishia chini ya mwarobaini. Sikusema neno. Binti yangu akaniletea sahani, nikamwambia sinia linatosha. Mkwe wangu akatazama, akainuka, akalibeba lile sinia kwa mikono yake miwili akaja nalo chini ya mti. Wageni wawili wakafuata, wa tatu akasema ameshiba. Fundi alinawa mikono muda mrefu sana. Tulikula wali na nyama ya mbuzi, na mazungumzo yakawa ya vyuma.

Tulimaliza kuchomelea siku ya tano. Ule umaliziaji ndio wengi huupuuza, na geti lililopuuzwa huliwa na kutu kabla mwenye nyumba hajazeeka. Fundi alisugua viungo kwa grenda, kisha brashi ya waya, kisha msasa, na mwisho akalipangusa lango zima kwa kitambaa chenye thina ili kuondoa mafuta na vumbi. Rangi ya kwanza ni ile nyekundu ya kuzuia kutu, na aliipaka hadi ndani ya mikunjo ambamo jicho halifiki, kwa kuwa maji hufika. Chini ya kila fremu alitoboa matundu madogo, maji yakiingia yatoke. Rangi ya juu ilipakwa mara mbili, alfajiri tu. Ukipaka adhuhuri ya Garissa, chuma kina moto wa kukaangia yai, rangi hutoka malengelenge, na upepo wa alasiri huinyunyizia mchanga kama tambi inavyonyunyiziwa sukari.

Zile nyota zilikatwa katika masalio, nane kwa hesabu, zikabandikwa nne huku na nne huku. Katikati, pale mbao mbili zinapokutana, nilimwomba aweke ukanda mmoja wa chuma uliosimama kutoka juu hadi chini. Akauliza wa nini. Nikamwambia huo kwetu waitwa mfaa, na mlango usio na mfaa kwetu haujavaa. Akaufanya, akautia vifundo vidogo vya mviringo kwa kijiti chake, kimoja baada ya kimoja, mfano wa misumari ya shaba ya milango ya Unguja. Tena ukawa na kazi yake, maana uliziba ule ufa ambao mpita njia angechungulia.

Kupachika ndiko kwenye hatari. Kila ubao ulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 65. Fundi alitia bawaba tatu kila upande, akageuza pini ya bawaba ya juu ielekee chini, ili mwizi asiweze kuuinua ubao na kuung'oa. Baina ya mbao mbili akaacha nafasi ya kidole. Lango la upana ule, likitoka katika ubaridi wa alfajiri kuingia katika jua la saa nane, hurefuka kwa karibu milimita 2, na lisipoachiwa nafasi hukwama. Chini alizika vizuizi vya chuma ndani ya saruji. Alisema geti lisilo na kizuizi ni jeneza lililosimama: watoto hulipanda na kubembea, bawaba hukatika, na kilo 65 hazimuulizi mtoto umri wake. Kama geti lako ni la kuburura, hakikisha mwisho wa reli pana kizuizi madhubuti. Usingoje kesho.

Jioni moja nikamuuliza fundi kuhusu kazi yake. Alikumbuka miaka ambayo umeme wa Garissa ulikuwa wa mitambo ya dizeli, na siku ambazo mashine ililala. Siku hizi nje ya mji huo uko mtambo mkubwa wa umeme wa jua, wa megawati 50 hivi, uliofunguliwa Desemba ya 2019. Nikamwambia, "Basi wewe ni jua kali mara mbili. Lakuchoma mgongoni, na laingia kwenye mashine yako." Alicheka kwa mara ya kwanza. Jina hilo la jua kali lilikuwa la kejeli zamani, hadi Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka wa 1985 na kuahidi kuwajengea mabanda, na mwaka wa 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa kuendeleza kazi zao. Jina likatukuka. Lakini banda hujengwa na serikali, na heshima hujengwa nyumbani.

Siku ya tisa, lango limesimama, kijani kibichi na nyota za manjano, akapita mzee mmoja wa mtaa, yule aliyesema siku ile kwamba ameshiba. Alilisukuma kwa kidole kimoja. Likafunguka bila kulia. Akalirudisha, akalisukuma tena. Akanipa mkono mimi, akampa mkwe wangu. Fundi alikuwa na rangi mikononi, akamwinulia kifundo cha mkono kama afanyavyo mtu mwenye mikono michafu. Mzee akasita kidogo, kisha akakigusa. Sitaki kusema zaidi ya nilichokiona. Alikigusa.

Nilipopanda basi la kurudi nilikuwa na beti moja mfukoni, nayo nawaachia wenye barza zao:

Chuma kilalapo chini, hakivutii mjenzi,
Hupata sura na shani, kwa mkono wa mhunzi,
Mbona huketi pembeni, asiitwe naye mwenzi?
Mkaribisheni ndani, huyu mwenye njema kazi.

Lango hutengenezwa ili mwenye nyumba achague nani aingie. Basi wa kwanza kuambiwa karibu awe yule aliyelitengeneza.